Neno Lililotoka Ndani ya Koti

Mara ya mwisho Mwalimu Casimir kunipa alama ilikuwa siku tisa kabla hajafa. Tatu kwa ishirini. Nikamwandikia mbele ya grupu zima kwamba mtu akifundisha miaka arobaini, halafu mwanafunzi wake anapata tatu, hiyo tatu ni ya mwalimu.

Akanijibu palepale: "Jeannot, banafunzi bangu ni bale balikalaka mu klase. Weye ulikuwa unapita tu kuomba maji."

Watu arobaini wakacheka kwa vile vikaragosi vya machozi. Hata mimi nilicheka, peke yangu, kwenye meza yangu ya kutengeneza telefone karibu na soko la Kenya. Si Kenya ya Nairobi. Ni Kenya yetu, commune moja ya jiji la Lubumbashi, ambako kanisa, karakana na redio ya jirani vinagawana ukuta mmoja.

Grupu liliitwa "Dikte ya Asubuhi". Mwalimu alilianzisha alipostaafu kwa sababu, alisema, mkono wake wa kulia ulikuwa unamwasha kwa kukosa makosa ya kusahihisha. Kila siku saa kumi na mbili na nusu alituma sauti. Kwanza alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kama mtu anayegonga mlango wa ofisi. Kisha alisoma sentensi moja ya Kifaransa, polepole, neno baada ya neno, na mwisho akasema: "Point," yaani nukta. Sisi tukaandika tulivyosikia. Mchana akagawa alama hadharani.

"Hortense, 9. Nywele unasuka muzuri, verbe unasuka mubaya."

"Ntumba, 14. Lakini bibi yako naye iko na 14, na makosa iko ileile. Mu nyumba yenu nani anaangaliaka kwa mwenzake?"

Ntumba, mwenye duka la vipuri, alikana hadi jioni, na mke wake akakana naye. Ndivyo tulivyoishi.

Mimi shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, kampuni ya reli ilipomtupa baba nje ya kazi. Nikabeba makaa kwa baiskeli, nikauza mikate, nikachota mchanga mtoni, nikapigwa sokoni kwa kosa la mtu mwingine, mwishowe nikajifunza kufungua telefone bila kuivunja. Diplome sina. Mitihani nimefanya mingi sana, ile ambayo hakuna anayekuambia swali lilikuwa nini.

Mwalimu nilimwita kambo, ndivyo tunavyowaita mababu huku, wanaume kwa wanawake. Marehemu bibi yangu alikuwa dada yake, kwa hiyo mimi nilikuwa mujukulu wake. Na katika ukoo wetu, watu wa kaskazini ya Katanga, kambo na mujukulu wana ruhusa ya utani ambayo wengine hawana. Ninaweza kumwambia kambo kwamba kichwa chake kinafanana na sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyoungua, na bado nikapewa kiti. Ndugu kwa ndugu hapana: mkubwa akisema, mdogo anatii. Na baba kwa mtoto wake, hapana kabisa. Neno la baba linabaki neno.

Kambo Casimir aliivunja sheria hiyo kwa mtu mmoja tu, Bénie, kitinda mimba wake. Mama yake alikufa yeye akiwa shule ya msingi. Sasa ana miaka kumi na saba, na mwezi wa tisa alikuwa anaingia mwaka wa mwisho, ule wa mtihani wa Serikali. Kwa hesabu ya ukoo yeye ni mama yangu mdogo. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wawili, nilikuwa nikimwita "mama mudogo" mbele ya wateja, naye aliitikia kwa madaha kama mke wa gavana.

Bénie alipata kumi na nane, kumi na tisa. Na chini ya alama zake, kila siku, baba yake aliandika maneno yaleyale: "Bénie, 19. Inatosha. Acha masomo, wende Kilwa na Donat, samaki haijikaushake yenyewe!" Kilwa hiyo ni yetu ya ziwani, si ya pwani, na Donat ni mdogo wake Mwalimu, mkausha samaki wa huko.

Bénie akajibu: "Papa, nikienda, nani atakuambia miwani yako iko ku kichwa yako?"

Sote tulijua kusoma sifa ndani yake. Kadiri alama zilivyopanda, ndivyo alivyomfukuza shule kwa nguvu. Siku aliyopata ishirini, alimfukuza mara tatu. Ni Kambo Albertine tu, dada yake Mwalimu, wa mtaa wa Makomeno, ambaye hakucheka. Alikuwa akimwambia: "Casimir, papa hataniake na mutoto yake. Maneno ile haina fasi ya kukaa. Itatafuta fasi."

Akafa siku ya Jumanne, mwezi wa nane, kwa moyo. Asubuhi hiyo dikte haikuja. Hortense aliandika: "Mwalimu, leo unatuogopa?" Mimi nikaongeza: "Amechelewa. Apige magoti mbele ya klase." Watu wakacheka hadi saa tatu. Wakati ule yeye alikuwa tayari amelazwa morgue, chumba cha maiti. Maneno yale bado yako mle, na saa zake pembeni. Nimejaribu kuyafuta yangu. Muda wa kufuta ulikuwa umepita.

Tulimzika Ijumaa.

Sasa nieleze kazi yangu ya siku ile, maana kila kitu kinatoka hapo. Kwetu, marehemu akishazikwa, mujukulu wake anavaa nguo yake na kumwigiza mbele ya waombolezaji: anatembea kama yeye, anafoka kama yeye, anachekesha watu waliochoka kulia. Mtu asiyechekwa, wazee wanasema, amezikwa kama gunia. Sheria yake ni fupi. Tangu nguo inaingia mwilini mpaka inatoka, jina lako linalala. Unaitwa kwa jina la marehemu, na unachosema, ni yeye amesema. Ndiyo maana tunasema upuuzi mtupu. Hakuna mujukulu mwenye akili anayesema neno la maana ndani ya nguo ya maiti.

Tuliporudi kutoka makaburini, mnamo saa tisa, Kambo Albertine akatoka chumbani na koti la kahawia, chaki bado imekaa kwenye mikono yake, na ile miwani iliyofungwa uzi. Akanivalisha mwenyewe. "Haya, Casimir," akasema, "bantu banakungojea."

Nikatoka chini ya hema. Nikapandisha mabega, nikaweka mkono mgongoni, nikakagua viti vya plastiki. "Viti makumi mbili, bantu mia moja. Hesabu: 4!" Watu wakaanza kuguna. Nikasimama mbele ya Hortense. "Hortense, kilio yako 12. Unaanza muzuri, lakini ku mwisho unaangalia kama chakula inafika." Wakapasuka. "Ntumba! Unalia sawa na bibi yako. Umenakili tena!" Ntumba akacheka hadi akashika nguzo ya hema, machozi yakimtoka upya, na hayo yalikuwa machozi mengine.

Nilikuwa moto. Hata Kambo Donat, mdogo wake marehemu, aliyefika usiku uliotangulia kwa lori kutoka Kilwa na vumbi la barabara bado masikioni, midomo yake ilicheza.

Kikohozi nilikuwa nimekiweka akiba kwa mwisho. Kilikuja chenyewe. Mara mbili, kikavu, kutoka mahali fulani chini ya mbavu ambapo mimi sikohoi.

Bénie alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa begani kwa shangazi yake. Alikuwa hajala tangu Jumanne. Nilimwendea kwa nia moja tu, acheke. Utani wa baba yake nilikuwa nao mzima mdomoni, na samaki wake, na kukauka kwake. Nikafungua kinywa.

"Bénie. Acha masomo. Wende Kilwa na Donat."

Basi. Samaki hawakuja. Niliwatafuta mle ndani kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka, hawakuwepo. Na sauti haikuwa ile ninayoifanya mimi, ya puani, ya kuchekesha. Ilikuwa ya chini, ya polepole, neno baada ya neno. Kisha nikasikia inamalizia:

"Point."

Hakuna aliyecheka. Bénie aliinua kichwa, akanyoosha mgongo kama mwanafunzi aliyeitwa jina, akasema: "Ndiyo, papa."

Nikavua koti. Mimi nilikuwa nimelowa jasho hadi kiunoni. Koti, kwa ndani, lilikuwa la baridi.

Kesho yake, Jumamosi, familia ilikaa kuamua. Watu wote walijua uamuzi: Bénie angebaki Makomeno kwa Kambo Albertine mpaka amalize mtihani, Donat mwenyewe alikuwa ameshakubali kwa telefone. Donat si mtu mbaya, hilo mniwekee akilini. Ni mtu wa ziwa, anayenunua samaki kwa wavuvi na kuwakausha, mtaratibu, hajui kusoma Kifaransa, na alimpenda kaka yake, yaya wake kama tunavyosema huku, kwa kumwogopa. Alisimama, akaivua kofia.

"Nilikuya hapa na neno moja," akasema. "Sasa niko na ingine. Nilimusikia yaya Casimir. Mulikuwa bote pale. Mutoto tunaenda naye Kilwa. Lori inaondoka siku ya Jumanne, asubuhi."

"Donat, ni Jeannot alikuwa anacheza!" Kambo Albertine akapaza sauti.

"Jeannot ninamujua kucheza. Ile haikukuwa kucheza."

Nikatafuta la kusema kwa njia yetu. "Kambo Donat, weye unaogopa koti ya bantu, na mamba ya Kilwa unaishi nayo?"

"Leo hapana, mujukulu," akasema. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Jioni ile Bénie aliniandikia, si kwenye grupu, kwangu peke yangu. Bila utani, bila kikaragosi. "Jeannot, nakuuliza kitu kimoja. Ni weye ulisema, ao ni papa? Kama ni papa, ninaenda. Kama ni weye, sema."

Niliangalia maneno yale mpaka kioo kikazimika. Nikakiwasha, nikaangalia tena. Sikumjibu.

Jumapili baada ya misa nikapata akili ambayo ni mtu asiyesoma tu anaweza kuipata. Nikasema: nitamwonyesha Donat ushahidi. Nikamketisha uani, watu wakasogea, nikafungua grupu nikaanza kusoma. Mwezi wa tano: acha masomo, wende Kilwa na Donat. Mwezi wa tatu: acha masomo. Mwaka jana, sikukuu ya walimu: acha masomo. Nikasoma hadi koo likakauka. Na kwa sababu mara nyingine alisema kwa sauti badala ya kuandika, nikaibonyeza na ile sauti.

Ikatoka uani, chini ya hema lake mwenyewe la kilio, siku mbili baada ya kuzikwa. Kikohozi mara mbili. "Bénie, acha masomo..."

Mwanamke mmoja aliangusha sahani. Donat alisimama wima, kofia mkononi, na hakukaa mpaka sauti ilipoisha.

"Alisemaka hivi mara ngapi?" akauliza.

Na mimi, bwege, nikifurahia wingi wa ushahidi wangu: "Kila siku, kambo! Miaka mbili kila siku! Njo unaona, ilikuwa utani!"

"Kila siku," akasema. "Miaka mbili." Akaketi taratibu kama mtu mgonjwa. "Miye yaya hakunitania hata siku moja. Aliniambia wende ku ziwa, nikaenda. Aliniambia owa, nikaowa. Papa na mutoto, utani iko wapi pale? Weye unaweza cheka naye, uko mujukulu. Mutoto yake, hapana. Kama papa alimwambia mutoto yake kila siku, basi alimwambia. Na baliendelea kumuacha mutoto ku masomo, habakumutii yaya, mpaka akakufa, akatumia kinywa yako."

Watu waliitikia kwa vichwa, kwa sababu kwa sheria yetu alikuwa na haki. Bénie alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuka akaingia ndani, na nikasikia zipu ya mfuko.

Kambo Albertine alinivuta nyuma ya jiko. Mama huyu ana miaka sabini na miwili, ananuka sabuni ya kipande na tumbako ya pua, na huwa hapotezi maneno.

"Kuko njia moja," akasema. "Unasimama mbele ya bantu unasema: ile maneno ilikuwa yangu, nilimuwekea marehemu mu kinywa. Basi neno inaanguka."

"Tu hivyo?"

"Tu hivyo? Mujukulu mwenye kudanganyia maiti haiko tena mujukulu. Hautavaa nguo ya mutu wetu tena. Hautatania mutu mu hii nyumba, hata miye, hata batoto. Utakala na bageni. Na Casimir, ku siku ya kuondoa kilio, hakuna mwenye kumucheka." Aliniangalia. "Sasa niambie miye peke yangu. Ilikuwa yako?"

Nikasema: "Kambo, sijue."

"Unajua," akasema, akarudi kwenye sufuria zake.

Jumatatu nilifungua meza yangu sokoni. Nilifikiri kazi itanisafisha. Mteja wa kwanza alikuja kutoka nyuma, mzee nisiyemjua, akasema "Yambo, Mwalimu," halafu akaniona uso, akaomba radhi, akaondoka bila kutaja shida yake. Nilikuwa nimepandisha mabega. Nilikuwa nimeweka mkono mgongoni. Sikumbuki kuuweka.

Mchana niliandika kwenye grupu kwa Kifaransa kuwashukuru watu kwa mazishi, mistari minne. Ntumba akaandika: "Jeannot, sijaona kosa hata moja. Uko na nani pale?"

Hakuna aliyeweka kikaragosi. Nilisoma mistari yangu upya. Herufi zote zilikuwa zimekaa mahali pake, hata zile za mwisho ambazo hazisikiki, ambazo kwa miaka miwili sikuwahi kuziona zilikotoka. Niliweka telefone kifudifudi mezani, nikakaa nikiyatazama mapikipiki yakipita, na nilikuwa na hakika kamili kwamba nikigeuka kushoto nitakuta mtu amesimama akisubiri nimalize.

Nikajiuliza mambo ya kweli. Labda alitaka. Labda ndani ya utani wa kila siku kulikuwa na baba aliyeogopa kufa na kumwacha binti kwa dada mzee, akamtazamia mdogo wake mwenye nguvu na nyumba yenye watu. Labda wafu wanaona barabara ambayo sisi hatuioni. Au labda maneno yaliyotembea njia moja miaka miwili yanaweza kutembea yenyewe, kama punda wa zamani. Sikujua, na hadi leo sijui. Nilijua kimoja: siyo mimi niliyesema. Kinywa changu nakijua. Nimekula nacho matusi ya soko zima.

Lakini kuna kitu kingine ninakijua ambacho Mwalimu, kwa diplome zake zote, hakukijua. Yeye hakuwahi kuacha shule. Hajui kwamba siku ya kwanza unaamka mapema kuliko wanaosoma. Kwamba unawapisha njiani na mzigo wako, na wao wanakusalimia kwa jina, na mwaka unaofuata wanakusalimia bila jina. Kwamba hakuna anayekufungia mlango. Unausukuma mwenyewe kidogo kidogo ukisema nitarudi mwezi ujao. Bénie angefika Kilwa, wangempokea vizuri, wangemwambia utaendelea mwakani. Nilisikia sauti ya huo mwaka wa mbele. Niliifahamu kuliko sauti ya marehemu.

Jumanne lori lilisimama mbele ya nyumba saa moja asubuhi, limejaa unga, sukari na nyavu mpya. Mfuko wa Bénie ulikuwa tayari juu, umefungwa kamba. Yeye alikuwa amevaa kitambaa kichwani na kandambili za safari, na uso wake ulikuwa mtulivu, wa mtu anayefanya alichoambiwa. Majirani walitoka. Donat alikuwa anamsaidia dereva kukaza turubai.

"Kambo Donat," nikasema. "Shuka. Niko na neno mbele ya bantu."

Akashuka. Labda aliona sura yangu haikuwa ya kucheza, maana alivua kofia bila kuombwa. Kambo Albertine akaja akasimama kando yetu.

"Ile maneno ya siku ya Tano, siku ya kuzika," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito kana kwamba mtu ameushika kwa vidole viwili. "Haikukuwa ya yaya yako. Ilikuwa yangu. Koti ilikuwa yake, kinywa ilikuwa yangu. Nilifanya sauti yake muzuri sababu ninaijua, niko naisikia kila asubuhi. Nilimuwekea kambo maneno yenye hakusema."

Kikohozi chake kilikuwa kinapanda, cha kwanza kati ya vile viwili, kinataka kutoka mbele ya watu wote. Niliuma meno. Nikakimeza kama anayemeza mfupa, na macho yakanitoka machozi, na watu wakafikiri nalia kwa aibu.

"Apa," akasema Donat. "Mbele ya huyu mama na mbele ya Mungu. Ilikuwa yako?"

"Yangu."

"Na juu ya nini ulifanya vile?"

"Bujinga, kambo. Nilitaka bacheke."

Nilifikiri atanipiga. Badala yake mabega yake yalishuka, polepole, yote mawili, na nikaelewa kwamba mtu huyu hakutaka kumchukua mtoto tangu mwanzo. Alikuwa amebeba amri siku nne kama mtu aliyebeba jiwe la kaburi. Alipanda juu ya lori mwenyewe, akafungua kamba kwa meno, akaushusha mfuko wa Bénie akaukumbatia kifuani kabla hajamrudishia.

"Soma, mama," akamwambia. "Soma, mpaka kwisha."

Kambo Albertine akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya mahakama. "Bantu bote basikie. Tangu leo Jeannot haiko mujukulu wa kucheka mu hii nyumba. Tukikuwa na kilio, atakala na bageni. Mwenye kumutania, atakuwa amekosea. Mwenye kutaniwa naye, asijibu."

Hortense alitazama chini. Ntumba, ambaye si wa ukoo na sheria ile haimgusi, alikwenda kumsaidia dereva kumalizia turubai.

Donat alipanda kiti cha mbele. Lori lilipowaka, aliinamia dirishani. "Mujukulu," akasema, akajisahihisha, "Jeannot. Kama umenidanganya miye leo, miye nimesikia yenye uliniambia, niko safi. Mbele ya yaya utasimama weye."

"Nimesikia," nikasema.

Lori likaenda na vumbi lake.

Ilibaki mtu wa kumpeleka Bénie Makomeno, na hakuna aliyejitolea, kwa hiyo nikauchukua mfuko. Basi la kwanza lilitupita, la pili likatupita, hakutaka kupanda. Tulitembea. Alikuwa mbele, mimi nyuma hatua mbili, kama inavyompasa mtu aliyeaibika. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuongea, nilitembea na mama yangu mdogo bila kumwambia upuuzi hata mmoja. Kilikuwa kimya kizito kubeba kuliko mfuko.

Tulipovuka reli akasimama.

"Jeannot."

"Mama mudogo." Halafu nikakumbuka. "Bénie."

"Miye nilikuwa karibu kuliko bote. Nilikuwa chini ya ile sauti." Alikuwa anaangalia njia, si mimi. "Ile haikukuwa sauti yako."

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshadanganya mbele ya Mungu na dereva wa lori, mara ya pili haina bei. Lakini nilikuwa nimechoka, na meno yaliniuma.

"Haikukuwa yangu," nikasema.

"Na umesema ni yako."

"Nimesema."

"Umemuharibu papa jina. Basi balimuzika na mujukulu mwongo. Sasa hakuna mwenye kumucheka."

"Hakuna."

Jua lilikuwa limeanza kupanda na moshi wa makaa ya asubuhi ulikuwa umelala chini, kwenye magoti ya watu. Nilingoja anitukane. Nilitamani hata anipe alama. Akanyoosha mkono, akauchukua mfuko kutoka begani kwangu, akauweka wake.

"Siku atauliza," akasema, "tutamujibu shiye bawili."

Akaanza tena kutembea, na safari hii aliniacha nitembee kando yake. Nyuma yetu, kwenye kokoto za reli, kulikuwa na viatu vingine, vya mtu asiye na haraka, anayesimama tukisimama. Bénie alivisikia, nilimwona alivyokaza mkono kwenye kamba ya mfuko. Hatukugeuka. Tulikwenda hivyo hadi Makomeno, mpaka mbele ya lango la Kambo Albertine, ambapo aliingia, na mimi nikabaki nje kuangalia mlango unafungwa kabla sijathubutu kurudi kwa njia ileile.